Mama Champa na Mashine ya Jana

Leo Jumapili, tarehe 30 Septemba 1979, Bi Champa Hasmukh Raithatha, ambaye sote tunamwita Mama Champa, anastaafu baada ya kuitumikia Sinema ya Palmyra, hapa Sparkbrook, Birmingham, kwa miaka kumi na moja. Ametimiza umri wa miaka sitini mwezi huu. Aliajiriwa kuuza tiketi. Hakuna mahali popote alipotakiwa kuiokoa dunia kila Jumapili asubuhi kabla ya chakula cha mchana, lakini ndiyo kazi aliyoifanya, na ofisi inaona ni haki jambo hilo lisemwe katika programu hii kabla taa hazijazimwa.

Tumeuliza watu wengi ili tusikosee. Pale kumbukumbu zilipotofautiana tumefuata ya Mama Champa mwenyewe, isipokuwa alipojipunja, na alijipunja mara nyingi.

Mama Champa alizaliwa Kisumu na kukulia nyuma ya pazia la sinema ya mjomba wake. Kigujarati alikipata nyumbani, Kijaluo sokoni, na Kiswahili kila mahali. Mwezi wa Februari 1968, watu walipokuwa wakikimbilia ndege kabla mlango wa Uingereza haujafungwa, alipanda na yeye akiwa na sanduku moja. Mumewe, Bwana Hasmukh, mwenye duka la baiskeli, alibaki kungoja kibali. Katika haraka ya kufunga mizigo Mama Champa aliliacha koti lake na kulitia sandukuni koti la mvua la mumewe, lile la rangi ya kijivu lenye mkanda kiunoni. Basi koti likafika Birmingham, mwenye koti akabaki Kisumu analoa.

Alilivaa koti hilo siku alipokuja kuomba kazi hapa, mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Meneja wetu, Bwana Ranjit, mwenyeji wa Nakuru, anakumbuka kwamba aliona koti kwanza, kisha mtu ndani yake.

Ikumbukwe kwamba ukumbi huu si wetu. Tunaukodi asubuhi za Jumapili tu kutoka kwa kampuni inayomiliki jengo. Siku hizo filamu za Kihindi zilikuwa zimeshikwa na kumbi kubwa kuliko wetu, na Bwana Ranjit alikuwa na viti vingi bila kitu cha kuvionyesha. Ndipo aliposikia kwamba msambazaji mmoja wa London anafunga biashara na anataka kuondoa shehena ya filamu za kijasusi kutoka Italia, Ujerumani na Hispania. Alizichukua zote bila kuuliza swali. Zilipofika ikagundulika kwamba Waitalia wanazungumza Kiitaliano, Wajerumani Kijerumani, na chini ya picha hakuna hata neno moja la tafsiri.

Kwa wageni wetu wa leo ambao hawajawahi kuziona, tueleze kidogo. Hizi ni filamu za jasusi mtanashati anayetumwa kumzuia mwanasayansi mwenye wazimu asiiangamize dunia. Mwanasayansi ana kisiwa, ana mionzi ya kuua, ana jeshi la roboti, na kila mara ana paka au samaki anayempenda kuliko watu. Waliozitengeneza walikuwa na mawazo ya kununua mwezi na mfuko wa kununua taa. Roboti wana zipu mgongoni. Nyambizi inapozama unaona ukingo wa beseni. Kompyuta kuu ya adui ni taa za Krismasi, na ngome yake ni kiwanda cha saruji, tena kiwanda kilekile katika filamu nne tofauti. Watazamaji wetu waliotoka Athi River walikuwa wakikipigia makofi kila kinapotokea, kama vile wameona nyumbani.

Jumapili ya kwanza, mwaka 1969, haikuwa na makofi. Baada ya dakika chache za Kiitaliano watu walianza kukohoa, kisha kupiga miguu sakafuni. Mama Champa alitoka kwenye dirisha la tiketi, akaichukua maikrofoni ambayo hutumika kuwatangazia wenye magari yaliyoziba lango, akasimama kando ya pazia, akasema kwa Kiswahili: "Jamani, tulieni. Huyu mwenye koti ni wetu. Yule mwenye upara msimwamini, hajagusa chai yake."

Ukumbi ulinyamaza. Walikuwemo Wagujarati wa Mombasa na Wapunjabi wa Nairobi, wauguzi wa Kikamba na wa Kikisii waliotoka zamu ya usiku, wanafunzi wa Selly Oak, na wazee waliokuwa hawana Kiingereza cha kutosha hata kununua stempu. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuwakutanisha ila ile aliyoichagua. Dakika kumi baadaye mwenye upara alitia sumu kwenye chai ya jasusi, na ukumbi mzima ukapiga yowe. Tangu Jumapili hiyo Mama Champa hakurudi dirishani filamu ikiwa inaendelea.

Alikuwa na taratibu zake. Shujaa, awe Mwitalia au Mjerumani, aliitwa Bwana Koti, kwa heshima ya lile koti la mvua la Kisumu. Adui aliitwa Daktari. Mwanamke mrembo aliyekuwa upande wa adui mpaka katikati ya filamu na upande wetu baada ya hapo aliitwa Shemeji, na ukumbi ulikuwa ukimsihi abadilike mapema: "Shemeji, hama! Shemeji, unachelewa!" Watoto waliozaliwa hapa Birmingham walikaa safu ya mbele. Waliyaelewa yote aliyosema na kumjibu yote kwa Kiingereza, naye hakuwahi kuona tatizo.

Wapo waliojaribu kumshinda. Bwana Bethuel, aliyekuwa akisomea uhandisi na kuishi Selly Oak, alisimama siku moja kulalamika kwamba hakuna mionzi duniani inayoweza kuyeyusha kifaru na kuiacha tai ya dereva bila kukunjika. Mama Champa alimjibu kwenye maikrofoni, bila kugeuza macho kutoka kwenye picha: "Bethuel mwanangu, chuo kikuu ni kesho. Leo Jumapili." Bwana Bethuel ametuomba tuandike kwamba bado anaamini alikuwa na hoja.

Mwaka 1971 kibali cha Bwana Hasmukh kilipatikana. Alifika Jumamosi, na Jumapili asubuhi akaletwa hapa akiwa amevaa koti lake la kijivu, ambalo mkewe alikwenda nalo uwanja wa ndege ili asipigwe na baridi. Alipoingia mlangoni mtu mmoja akapaza sauti: "Bwana Koti kafika!" Watu walisimama. Bwana Hasmukh hakujua kitu. Alidhani hivyo ndivyo Waingereza wanavyopokea wageni, akainama kulia na kushoto, akaketi safu ya tano, na kiti hicho ni chake mpaka leo.

Mwaka uliofuata walifika ndugu zetu wa Uganda, na mmoja wao akawa mwendesha projekta wetu, Bwana Nazir, aliyefanya kazi hiyo Kampala kwa miaka mingi. Tunamtaja kwa idhini yake, kwa sababu bila yeye na bila sambusa jambo kubwa kuliko yote katika historia ya Palmyra lisingetokea.

Tuna projekta moja tu. Filamu huja katika mikanda sita, kila mmoja ndani ya mkebe wake wa bati, na kila mkanda unapokwisha taa huwashwa, Bwana Nazir hubadilisha, na watu hunywa chai. Sambusa za chai hiyo alizikaanga Mama Champa nyumbani kwake Hodge Hill alfajiri. Aligundua mapema kwamba hakuna chombo kinachohifadhi joto la sambusa kama mkebe wa filamu usio na kazi: ni mpana, mfuniko wake hauachi pengo, na ukiufunga kwa taulo unafika mjini kwa basi ukiwa bado wa moto. Ofisi ilijua. Ofisi ilizila.

Jumapili moja ya Machi 1974 kampuni ya jengo ilimtuma mwakilishi wake, Bwana Tranter. Ilikuwa wazi kilichomleta. Kampuni ilitaka kuugeuza ukumbi uwe wa bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba kwa pesa, siku saba kwa wiki, na yeye alikuja kutazama kama asubuhi zetu zina faida ya kutosha tuachiwe. Akiona viti vitupu au watu wakidai kurudishiwa pesa za tiketi, basi. Wazee wangerudi kukaa vyumbani na kutazama ukuta, na wauguzi wangerudi kulala. Bwana Ranjit alivaa suti. Alimketisha mgeni katikati, akamwambia Mama Champa kwa sauti ya chini: "Dada, leo usikosee hata punje." Naye akajibu: "Mimi sikosei. Waitalia ndio hukosea."

Filamu ilikuwa *Kisiwa cha Mionzi*, jina aliloipa Bwana Ranjit. Mikanda miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Katika wa pili Daktari alilionyesha genge lake gurudumu kubwa lenye taa za rangi, akalizungusha, akacheka sana, na hakuna aliyefahamu ni la nini, kwa kuwa alieleza kwa Kiitaliano na kwa kasi. Mama Champa aliliruka, akisema tu, "Ile nayo tutaiona mbele ya safari." Taa zikawashwa kwa chai.

Hapo Bwana Ranjit alimletea mgeni sambusa. Alishika mkebe kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi ya harusi, akainama, akafungua mfuniko mbele ya Bwana Tranter. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa tatu.

Juu, katika chumba cha projekta, Bwana Nazir alikuwa amefungua mkebe wake na kukuta sambusa ishirini na pilipili ya kuchovya.

Hatumlaumu. Chini watu walishaanza kurudi kwenye viti, mgeni alikuwa akitazama saa, na Bwana Nazir alijua kwamba ukumbi usio na picha maana yake ni bingo. Alinyoosha mkono, akachukua mkebe uliokuwa karibu, akaupandisha mkanda bila kusoma. Ulikuwa wa sita. Ulikuwa mwisho.

Katika muda wa mkanda mmoja kisiwa kikalipuka, roboti wakaanguka kama masufuria, Daktari akaungua ndani ya ngome yake ya saruji, Bwana Koti akambusu Shemeji ndani ya mashua, na neno la Kiitaliano lenye maana ya "mwisho" likajaza pazia. Taa zikawaka. Watu wakatazamana. Bwana Tranter alifunga vifungo vya koti lake. Bwana Nazir, kwenye kidirisha chake, alikuwa ameshika kichwa.

Bwana Bethuel ndiye aliyesema kile ambacho wengi walikifikiri: "Mama Champa, imekwisha? Mimi nimetoka Selly Oak kwa mabasi mawili! Hata chai yangu haijapoa!"

"Kaa chini, Bethuel," alisema Mama Champa kwenye maikrofoni. Wanaomjua vizuri wanasema sauti yake ilitetemeka kwa neno hilo la kwanza, na hapo tu. "Nani amekuambia imekwisha? Lile gurudumu la taa Daktari alilijenga la nini, la kukaangia viazi?"

Akaligeukia pazia tupu, akaendelea:

"Ile ni Mashine ya Jana. Mwovu yule alijua atakufa. Kabla ngome haijamwangukia, aliizungusha. Sasa sote tumerudi jana, na nyinyi pamoja naye. Ketini. Nazir, washa."

Bwana Ranjit alikuwa ameshapanda ngazi mbilimbili na mkebe mkononi. Mkanda wa tatu ukaanza, na picha ya kwanza, tunaapa, ilikuwa Daktari akiwa mzima, amevaa joho jipya, anakunywa divai na kumkuna paka.

Kelele iliyotoka ukumbini humo ilisikika Stratford Road. Bibi mmoja wa safu ya nyuma alisimama juu ya kiti. "Mnamwona?" alisema Mama Champa. "Leo amekufa, jana anakunywa! Hana haya!" Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa kizuri zaidi kuliko kilivyotengenezwa Italia. Bwana Koti alipomsalimu Shemeji kwa mara ya kwanza, wauguzi walipiga vigelegele, maana walishaiona mashua. Daktari alipotamba kwamba hakuna wa kumshinda, watoto wa safu ya mbele walimwambia kwa Kiingereza lini na saa ngapi.

Lakini mikanda ilikuwa ikiisha, na Mama Champa alijua kinachokuja. Mkanda wa tano unaishia pabaya: Bwana Koti ananing'inia kwa kamba moja juu ya bwawa la mamba wa mpira, kamba inakatika uzi baada ya uzi, na mkanda unakatikia hapo. Baada yake hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Picha ikazimika, jasusi akabaki hewani, na taa zikawaka. Watu zaidi ya mia tatu walimgeukia. Bwana Tranter pia aligeuka.

Mama Champa aliishusha maikrofoni kidogo, akasema taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto:

"Msiwe na wasiwasi. Mmeshamwona amepona."

Walisimama wote. Watu walicheka huku wanalia, na Bwana Hasmukh katika safu ya tano alikuwa akiwaonyesha majirani zake mke wake kwa kidole, utadhani hawamjui. Bwana Tranter alimwuliza Bwana Ranjit bibi amesema nini. Akatafsiriwa. Akacheka peke yake, akaomba sambusa. Wiki hiyohiyo kampuni ilitupatia Jumapili zetu kwa mwaka mmoja, na imezirefusha kila mwaka tangu hapo. Bingo ilikwenda ukumbi mwingine.

Tangu Machi ile *Kisiwa cha Mionzi* huonyeshwa hapa kila mwaka kwa mpango wa Bwana Nazir: wa kwanza, wa pili, wa sita, wa tatu, wa nne, wa tano. Tulijaribu mara moja kuionyesha inavyotakiwa, na watu walilalamika kwamba haieleweki. Na maneno yale ya mwisho yametoka nje ya milango yetu. Tumesikia yakitumiwa wodini kabla ya upasuaji, na katika foleni ya ofisi ya uhamiaji, na mtu anayengoja barua ya mwanawe kutoka Jinja aliambiwa hivyohivyo na jirani yake: usiwe na wasiwasi, umeshamwona amepona.

Sasa daktari, huyu wa kweli, amemwomba Mama Champa alipumzishe koo lake. Kwa miezi kadhaa ofisi haikulala vizuri. Swali lilikuwa rahisi na hakuna aliyependa kulijibu: maikrofoni ikinyamaza, tutabaki na Waitalia wanaopiga kelele gizani, na bingo haijasahau njia ya kurudi.

Mama Champa alilijibu mwenyewe. Mwezi wa Agosti alimpa maikrofoni Bi Mumbua, muuguzi anayeishi Kingstanding, ambaye amekuwa mshangiliaji mkuu wa Shemeji tangu alipofika kutoka Machakos. Dakika zake za kwanza zilikuwa ngumu. Aliisahau mionzi ya kuua inaitwaje, akaiita pasi. Alimwita roboti mmoja shangazi. Kisha akanyamaza kabisa, na Bwana Koti akapigana peke yake kwa muda mrefu bila mtu wa kumsindikiza. Mama Champa aliondoka kwenye kiti chake, akamwendea, akamnong'oneza jambo, akarudi kukaa. Bi Mumbua akavuta pumzi na kusema, "Jamani, hapa kuna mashine ambayo bado sijawaeleza," na ukumbi ukamshangilia mpaka mwisho. Baadaye tulimwuliza aliambiwa nini. Aliambiwa: "Ukikwama, binti yangu, kuna mashine. Siku zote kuna mashine."

Kuanzia Jumapili ijayo maikrofoni ni ya Bi Mumbua. Sambusa pia zitaendelea, na mikebe yake imepakwa rangi ya kijani, ingawa Bwana Nazir anasema hahakikishi kitu.

Mama Champa, asante. Asante kwa kuwapa wageni mia tatu lugha moja na jambo moja la kuogopa kwa pamoja. Asante kwa Shemeji, kwa kiwanda cha saruji, kwa kutomwacha mtu yeyote akae gizani bila kujua nani ni wetu. Tunakuombea koo lililopoa, chai ya moto, na Jumapili nyingi katika safu ya tano kando ya Bwana Hasmukh, ambaye ameomba rasmi usimwambie kitakachotokea.

Kuhusu mpangilio wa leo. Filamu ni *Kisiwa cha Mionzi*, kwa mpango wetu wa kawaida. Mkanda wa sita, yaani mwisho, utaonyeshwa wa tatu. Utakapokwisha taa zitawashwa, Bwana Ranjit atatoa hotuba ya kuaga, maua yatakabidhiwa, na wenye kulia watalia hapo. Tafadhali msivae makoti. Mashine itazungushwa, sote tutarudi jana, na Mama Champa ataichukua tena maikrofoni, akiwa bado mfanyakazi wetu, kwa mikanda mitatu mizima.

Mwishoni Bwana Koti atabaki kwenye kamba na taa zitawaka. Kama kuna mtu atakayekuwa anaiogopa Jumapili ijayo, na sisi wa ofisini tumo, asiwe na wasiwasi. Asikilize tu. Anajua atakachoambiwa.